Taarifa ya Mwalimu Rahima

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, wahitimu wa vyuo vikuu waliotoka visiwani kwetu husomwa hadharani. Nasema husomwa kwa sababu wenyewe aghalabu hawapo. Mmoja yuko Nairobi, mwingine Doha, mwingine ni mhandisi wa meli ambayo mama yake hajui imetia nanga wapi. Basi kila mmoja huandika taarifa fupi: yuko wapi, ana kazi gani, ameoa au bado, amejaliwa watoto wangapi. Taarifa hizo huchapishwa katika jarida la Umoja wa Wahitimu wa Visiwani, kisha husomwa kwa kipaza sauti katika ukumbi wa shule mjini Faza, mbele ya wazazi ambao wengi wao wanausoma msahafu vizuri lakini hawakupata kwenda shule ya serikali.

Kanuni ya usomaji ni moja tu. Taarifa husomwa kama mwenyewe alivyoiandika. Msomaji haongezi neno wala hapunguzi. Kanuni hiyo ilizaliwa na aibu. Mwaka mmoja, mwanafunzi aliyepewa kazi ya kusoma aliona haya kutamka kwamba Bwana Taufiq ameachishwa kazi ya benki na sasa anakaanga viazi karai Mtwapa, akairuka sentensi hiyo. Mama yake Taufiq akarudi nyumbani na furaha yake, akapeleka posa ya mwanawe "wa benki" kwa watu wa heshima, na yaliyofuata yalizungumzwa kisiwa kizima cha Pate kwa miezi. Aliyesimama mwaka wa pili yake kuidai kanuni alikuwa Mwalimu Rahima. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la sita, nimeketi sakafuni safu ya mbele, na nakumbuka alivyosema: "Mtu akikupa maneno yake uyafikishe kwa mamake, hiyo ni amana. Si kazi yako kuyachagua."

Rahima binti Dawud alikuwa mwanamke wa kwanza wa kijiji chetu kupata shahada. Alitufundisha biolojia kabla ya kwenda kusomea uzamili na kuingia katika ofisi za uhifadhi wa bahari huko Mombasa. Babangu, ambaye ni fundi wa mashine za boti, alipokuwa hataki kusikia habari ya mimi kwenda chuo, Mwalimu Rahima alikuja alasiri tatu mfululizo, akaketi barazani, akazungumza naye juu ya mashine tu, na siku ya tatu, baada ya kahawa, ndipo alipolitaja jina langu. Taarifa zake za kila mwaka nilizijua kwa moyo kama wengine wanavyozijua kaswida. Ningali naweza kukariri ile ya mwaka aliposema, "Nimekataa kutia saini ripoti ambayo wavuvi hawakuulizwa." Ukumbi mzima ulipiga makofi, na mimi nikajiambia kwamba hivyo ndivyo nitakavyoishi.

Mwaka huu katibu wa jarida, na kwa hiyo msomaji, nilikuwa mimi, Huwaida Uthman, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa masomo ya mazingira.

Kabla ya kueleza yaliyotokea, sina budi kueleza jambo la kwetu.

Wanawake wa kijiji chetu huvua pweza kwa miguu. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwamba ukabaki wazi, hutoka na chuma chembamba na kikapu, wakatembea juu ya mawe mpaka maji yarudi. Pweza huishi shimoni. Ukimtoa leo, baada ya siku chache mwingine atahamia humo humo, kwa hiyo shimo zuri ni mali isiyokwisha. Kila nyumba ina mashimo yake, kila shimo lina jina, na jina hilo hulijua mama na binti aliyerithishwa, basi. Bamvua la kwanza baada ya harusi, mama humchukua bintiye peke yao, akamtia mkono ndani ya shimo moja moja, akamnong'onezea jina. Mwanamke akiinama penye shimo lake, wenzake humpa mgongo, wakazungumza habari za mjini mpaka ainuke. Wapo majirani waliochanja kuni pamoja miaka hamsini bila mmoja kujua shimo hata moja la mwenzake.

Siri hiyo ndiyo niliyoiomba mwaka jana.

Mwalimu Rahima alikuwa amenieleza kwamba kampuni fulani inayonunua pweza na kuwauza ng'ambo imeutupia jicho mwamba wetu. Namna pekee ya kuulinda, alisema, ni kuionyesha idara ya uvuvi kwamba mwamba una wenyewe, na ushahidi wa wenyewe ni mashimo. Nikusanye yote, majina na mahali pake, naye atapeleka ramani na ombi kwamba mwamba ukabidhiwe wanawake kisheria. Niliamini kila neno. Nilirudi nyumbani likizo nikamwendea bibi yangu, Bi Hadia, mzaa babangu, ambaye hakuna mwanamke kijijini anayetoka kwenda mwambani kabla yake.

"Mashimo hayaandikwi," alisema, bila kuinua uso kutoka kwenye nazi aliyokuwa akiikuna.

"Bibi, kisichoandikwa huko serikalini hakina mwenyewe."

"Hayo nani kakwambia?"

"Mwalimu Rahima."

"Rahima wa Dawud?" Aliuacha mkono wake utulie juu ya mbuzi ya nazi. "Yule mwana wa hapa. Mamake kafa na chumvi ya mwamba miguuni." Akakuna kidogo, akasimama tena. "Basi apishwe njia nani, kama si yeye? Lakini la nyumba hii usilipeleke nyumba ile. Umesikia?"

Nikaapa. Kwa neno la Bi Hadia, nyumba zote kumi na nne zikakubali. Kwa muda wa miezi mitatu, kila bamvua, nilitembea na mwanamke mmoja mmoja. Niliingiza mkono katika kila shimo, nikatia alama mahali pake kwa simu, nikaandika jina lake daftarini. Bi Rumaisa, mdogo wake marehemu mama yake Rahima, alilia aliponitajia majina ya dadake. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuijua. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyeyajua mashimo yote ya mwamba ule, na nilidhani hiyo ni heshima.

Nilipomtumia Mwalimu Rahima kazi nzima, alijibu kwa sentensi moja: "Umefanya jambo la kihistoria, mdogo wangu." Niliihifadhi.

*

Taarifa yake ilinifikia siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano, nikiwa katika ofisi ya walimu pale Faza nikipanga kurasa. Mwalimu Fanuel, mtu wa Kakamega ambaye amefundisha hisabati hapa miaka tisa na ndiye mtunza kipaza sauti chetu, alikuwa upande wa pili wa meza akisahihisha madaftari. Nilifungua barua pepe nikitabasamu. Iliandikwa hivi:

"Rahima binti Dawud. Shahada ya kwanza 2005, uzamili 2013. Alhamdulillahi, mimi na wanangu wawili tu wazima hapa Mombasa. Mwaka huu nimeteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Ugavi katika kampuni inayonunua pweza na kuwauza ng'ambo. Nawashukuru wazazi wa visiwani kwa dua zenu.

"Katika mwaka wa maandalizi nimekamilisha ramani ya kwanza ya mashimo ya pweza katika mwamba wa kijiji changu, jumla ya mashimo mia mbili na kumi na manne. Kwa ramani hiyo, wazamiaji wa kampuni wataanza kazi mwezi ujao bila kupoteza muda wa kutafuta. Namshukuru mtafiti wangu msaidizi, Huwaida Uthman, aliyekusanya habari hizi kwa moyo mmoja."

Chini yake kulikuwa na mstari wa kwangu mimi: "Aya ya pili usiisome Faza. Iwekwe kwenye toleo la mtandaoni tu, wakubwa wangu wataiona huko."

Nilisoma mara tatu. Mara ya tatu nilisoma jina langu tu. Kisha nikatoka nje na simu, nikasimama karibu na tangi la maji.

"Mwalimu, asalamu alaikum."

"Waalaikumu salaam, mdogo wangu! Umeipata?"

"Nimeipata. Labda sikuielewa."

"Umeielewa. Wewe si mjinga, ndiyo maana nilikuchagua."

"Uliniambia ramani inakwenda idara ya uvuvi."

"Na ilikwenda. Ililala juu ya meza miezi mitano. Nilipiga simu, nilikwenda mwenyewe, niliambiwa njoo Jumanne, njoo Jumanne. Kampuni ilikuwa inakuja, Huwaida, kuwe na ramani, kusiwe na ramani. Niliona bora ndani yake kuwe na mtu wa kwetu."

"Ukawapa."

"Nikawapa kitu ambacho wangekipata kwa mwaka mmoja wa kuzamia. Nimewapunguzia mwaka, nao wakanipa kiti ambacho ninaweza kukitumia. Wanawake watapata kazi ya kusafisha na kupakia, ndani, kivulini. Bibi yako ana miaka sabini na mbili. Unataka aendelee kukatwa na mawe mpaka lini?"

"Hakuulizwa, Mwalimu."

"Hakuulizwa," aliiga sauti yangu, lakini bila ukali, kama mtu anayemwiga mtoto wake. "Nilikuwa kama wewe. Nilikataa kutia saini ile ripoti, unakumbuka? Ilitiwa saini na mwingine wiki hiyo hiyo. Mimi nikakaa mwaka mzima bila kazi. Hilo sikuliandika kwenye taarifa."

Upepo ulikuwa ukiipiga bati ya paa la ukumbi.

"Nimeliweka jina lako makusudi," akaendelea. "Kampuni inasomesha vijana wawili uzamili kila mwaka. Nimekwisha kuzungumza. Ukimaliza mwaka wa nne, unaingia. Umesikia?"

"Kama hakuna ubaya ndani yake, kwa nini isisomwe Faza?"

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Kwa sababu mamangu mdogo atakuwa ukumbini," alisema. Kisha akakata.

Ni maneno hayo, zaidi ya ramani yenyewe, yaliyonimaliza. Kama angeniambia kwamba Bi Rumaisa ni mshamba asiyejua maendeleo, ningemwona mtu aliyebadilika, nami ningemwombolezea yule wa zamani. Lakini alikuwa bado akijua. Alijua sawasawa ni nini alichokifanya na kwa nani, na alichohitaji kutoka kwangu ni kwamba asiione sura ya mama yake mdogo akisikia.

Nilirudi ndani, nikamuuliza Mwalimu Fanuel kama mwenye taarifa anaweza kuomba sehemu yake isisomwe.

"Kanuni inasema isomwe kama ilivyoandikwa," alisema, akatia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. "Nani huyo anayetaka kukatwa? Yule Uthman mhandisi anayefuga kuku? Mwambie hatutamcheka sana."

"Ni Mwalimu Rahima."

Akainua kichwa. "Aliyeitunga kanuni?"

"Ndiye."

"Basi mimi mtu wa bara niseme nini hapo?" Akaniangalia vizuri. "Huwaida, uko sawa?"

Nikasema niko sawa.

Ijumaa nilikuwa nyumbani. Naandika sehemu hii kwa uzito, kwa kuwa hapa ndipo nilipokosa mimi mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Ningeweza kukaa na Bi Hadia baada ya sala ya adhuhuri, nikamwambia polepole, naye akapata muda wa kukasirika mbele yangu peke yangu. Nilimkaribia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa akipiga pweza jiweni na kunitania kwamba kwa vidole vyangu vya chuo nisingeweza hata kumlainisha mmoja. Mara ya pili aliniambia, "Kesho utusomee kwa kituo, mwanangu, si kama yule wa mwaka uliopita aliyekwenda mbio kama anafukuzwa na mbwa." Nikasema, "Inshallah." Nilijidanganya kwamba nilikuwa nikimlinda. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake, nikaona afadhali nimweleze kutoka jukwaani, mahali ambapo macho yangu yangekuwa na karatasi ya kuangalia.

*

Ukumbi ulijaa kabla ya saa nne. Kina mama walikaa upande wa kushoto, mabuibui yao yamekunjwa magotini kwa joto, kina baba kulia, watoto kila mahali. Wanawake wa mwambani walikuwa wamekuja pamoja na kushika safu mbili nzima. Bi Hadia aliketi mwanzo wa safu, Bi Rumaisa kando yake, na baina yao kikapu cha mahamri.

Nilianza vizuri. Nilisoma habari za Wamuyu, mtoto wa muuguzi aliyezaliwa hapa hapa Faza, ambaye sasa ni daktari wa meno Nyeri na anauliza kama bado tunakula tende na sukari. Watu wakacheka. Nilisoma za Uthman, mhandisi wa umeme, ambaye baada ya miaka sita ya kuomba kazi anafuga kuku mia tatu Mpeketoni na amewawekea taa za jua.

"Kuku wanasoma usiku?" mzee mmoja akauliza kwa sauti, na ukumbi ukalipuka.

"Wanasoma kuliko wewe!" mama yake Uthman akamjibu. "Na kuoa je? Mwanangu hajasema anaoa lini?"

"Hajaandika, Bi."

"Soma vizuri, labda kaandika kwa herufi ndogo!"

Nilimsomea tena, kwa kituo, na kweli hakuwa ameandika. Bi Hadia alikuwa akinitazama kwa fahari ambayo sikuweza kuivumilia. Taarifa kumi na nane zikapita. Ya kumi na tisa ilikuwa ya Mwalimu Rahima.

Nilipotamka jina lake walipiga makofi kabla sijaendelea, kama kila mwaka. Nilisoma aya ya kwanza. Neno "Mkurugenzi" likaleta vigelegele kutoka safu za mwambani, na Bi Rumaisa akainuka nusu, akageuka huku na huku ili watu wamwone. Wapo waliolisikia neno "pweza" na kuinamisha vichwa kusikiliza zaidi, lakini furaha ilikuwa bado kubwa kuliko mashaka.

Ningeweza kuishia pale. Karatasi iliyofuata ilikuwa ya mtu wa Matondoni aliyepata cheo cha unahodha. Mwezi ujao wazamiaji wangekuja, wangekwenda moja kwa moja mpaka kwenye kila shimo, na wanawake wangebaki kutazamana, kila mmoja akimshuku mwenzake kwamba ameuza. Nililiona hilo waziwazi, kwamba wangechukiana wao kwa wao, na mimi ningekuwa Nairobi nikisoma kwa pesa za kampuni.

Nikasoma aya ya pili. Niliisoma yote, pamoja na jina langu.

Nadhani kina baba wengi hawakuelewa. Kwao ilikuwa hesabu tu. Lakini zile safu mbili zilielewa neno kwa neno. Bi Rumaisa, ambaye alikuwa bado amesimama nusu, aliketi taratibu.

"Soma tena hapo," alisema.

Nikasoma tena.

"Mangapi?"

"Mia mbili na kumi na manne, Bi."

"Yangu kumi na sita yamo?"

"Yamo."

"Na Jiko la Ami?"

Wanawake wenzake wakashtuka, mmoja akajifunika mdomo, kwa maana hakuna aliyewahi kusikia jina la shimo likitamkwa mbele ya watu. Yeye mwenyewe alikuwa kama hajui kwamba amelitamka. Alinikazia macho akingoja.

"Limo, Bi Rumaisa. Nililiandika mimi."

Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Rahima alizaliwa mikononi mwangu," akasema, hakumwambia mtu yeyote hasa. "Mamake alikuwa hajui kumfunga nepi."

Bi Hadia aliinuka, akajitanda buibui lake, akalichukua kapu la mahamri ambalo halikuwa limefunguliwa, akatoka kwa mlango wa pembeni. Wanawake kumi na watatu wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Mwalimu Fanuel alinijia jukwaani akaninong'oneza kama nataka asome zilizobaki. Nikamwambia hapana, kazi ni yangu. Nikasoma taarifa ya nahodha wa Matondoni na nyingine tano, na sikumbuki hata moja.

Simu ya Mwalimu Rahima iliingia baada ya alasiri.

"Nimepigiwa na watu wanne," alisema. Alikuwa akilia, na sikuwahi kumsikia akilia. "Mamangu mdogo hapokei simu yangu. Umenisaliti, Huwaida. Mimi, niliyekaa barazani kwenu siku tatu kwa ajili yako."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi mazuri kwa siku mbili. Yote yaliniruka.

"Uliyaandika wewe, Mwalimu," nikasema. "Mimi nimeyasoma."

"Jina lako nitalitoa kwenye orodha."

"Litoe."

"Na wazamiaji watakuja vile vile. Umepata nini?"

Nikakata simu, nikaanza kufuta alama za mashimo.

*

Siku ya Jumapili nililichana daftari. Nilitenga kurasa za kila nyumba, nikazikunja, nikazifunga uzi, nikapita mlango kwa mlango kuzirudisha. Nilikuwa nimekwisha kufuta alama zote katika simu, ingawa nilijua zimekwisha kusafiri. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea kwa shukrani. Nilipewa kahawa. Wanawake walinikaribisha, wakaniuliza habari za chuo, wakazipokea karatasi kwa mkono wa kulia, wakaziweka kando bila kuzitazama. Walinifanyia adabu ile wanayomfanyia mgeni wa serikali. Bi Rumaisa hakufungua mlango, nilizipitisha chini.

Za nyumba yetu nilimpelekea Bi Hadia mwisho. Alikuwa ameketi sebuleni akinoa chuma chake juu ya jiwe.

"Haya yako, Bibi. Mashimo kumi na tisa. Sikubakisha karatasi hata moja."

Alizitia karatasi chini ya mkeka. "Na ya kitwani?"

"Bibi?"

"Yaliyomo kitwani mwako. Utayarudishaye?"

Nilipiga magoti mbele yake nikamwomba msamaha, kwa ramani, na kwa kutomwambia Ijumaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniwekea mkono begani, akasema amenisamehe kwa ajili ya Mungu, na nilijua kwamba ni kweli, kwa maana bibi yangu haitaji jina la Mungu kwa mchezo. Kisha akaniambia kwamba bamvua lijalo nisitoke nao, wala la baadaye, na kwamba akifa mashimo yake atayapokea binamu yangu Hidaya, ambaye ana miaka kumi na minne.

Jumanne wanawake walikwenda Faza kupeleka malalamiko. Walihitaji barua kwa idara, barua kwa chifu, barua kwa mbunge. Mimi nina miaka mitatu ya chuo kikuu; nimeandika maombi, ripoti, na hoja zenye tanbihi; nimefundishwa sheria za ufuo na jina la kila ofisi inayohusika. Nilikwenda nao kwa pikipiki bila kualikwa, nikiwa nyuma kabisa. Hawakuningoja, wakaingia katika ofisi ya walimu, wakamwomba Mwalimu Fanuel.

Nilisimama barazani, karibu na dirisha.

"Lakini mna Huwaida," nilimsikia akisema. "Yuko hapo nje. Mimi ni mtu wa hesabu, mama zangu. Kiswahili changu chenyewe mnakijua."

"Andika hivyo hivyo," sauti ya Bi Hadia ikamjibu. "Yule mtu wa Rahima."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anavyoeleza kwamba fulani ni wa Siyu, fulani ni wa Shela. Kiti kikavutwa. Mwalimu Fanuel akauliza waanze na nini, na wanawake wote wakaanza kuzungumza kwa pamoja, naye akawa anaomba, taratibu, mmoja mmoja, jamani, mmoja mmoja. Nilisikia akielekeza barua kwa ofisi ambayo haina mamlaka juu ya mwamba. Nililijua jina la ofisi iliyo sahihi, na hata la afisa wake. Nikasogea dirishani nikalitaja.

Mazungumzo yakakatika. Mwalimu Fanuel aliangalia dirishani, kisha akamwangalia Bi Hadia, kalamu ikiwa hewani. Bibi yangu hakugeuka.

"Andika ulilokuwa ukiliandika, mwalimu," akasema.

Akaandika.

Walitoka baada ya saa nzima, vidole gumba vyao vimepakwa wino wa muhuri. Nilimuuliza Bi Hadia wameomba nini katika barua.

"Mambo yetu," akasema, akapanda pikipiki.